Ndiyo ya Dakika Mia na Tatu

Babu yetu Kashaija alikuwa mtu pekee niliyepata kumjua, huko kwetu Muleba, aliyejibu maswali. Ukimwuliza jirani kama atakuja kesho kusaidia kupalilia, atakueleza habari za mguu wake, kisha habari za mvua, kisha atakushukuru kwa kumkumbuka, nawe utarudi nyumbani ukijua kila kitu isipokuwa kama atakuja. Babu ukimwuliza alisema, "Ndiyo." Au alisema, "Hapana." Kisha alifunga mdomo na kukutazama, kana kwamba sasa ni zamu yako. Watu wazima walimwona hana adabu. Bibi Kokuhirwa alimtetea kwa maneno yaleyale siku zote: "Msimlaumu. Ameharibiwa na simu."

Simu hiyo si ya kusemea kwa mdomo. Ni ile ya zamani, ya kugonga. Mwaka 1937, Babu akiwa na miaka ishirini na minne, alikuwa mpiga simu wa Muleba, katika kiofisi cha chumba kimoja kilichoezekwa kwa bati, na waya ukiingia dirishani. Upande mmoja waya ulikwenda Biharamulo. Upande mwingine ulipita Kemondo, ukaishia Bukoba. Mezani palikuwa na kibonyezo cha shaba, chombo cha kugonga kilicholia kama ulimi wa mtu anayemhurumia mwenzake, na mashine ya saa iliyovuta utepe wa karatasi chini ya kalamu ya wino.

Mashine hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Pasipo na umeme kwenye waya, kalamu ilitembea upande wa chini wa utepe, ikichora mstari ulionyooka. Mtu wa Bukoba akibonyeza, kalamu iliruka juu na kutembea hukohuko juu. Akiachia, ilianguka. Mruko mfupi ni nukta, mruko mrefu ni kistari, na kwa hivyo viwili unaweza kuandika barua ya mapenzi au taarifa ya msiba. Babu alisema kuwa wimbi la ziwa hupanda polepole na kushuka polepole, na hakuna ajuaye limeanzia wapi, lakini wimbi la simu ni kama ngazi ya jiwe: uko chini au uko juu. Hata mvua inyeshe, jani la mgomba liulalie waya na kuunyonya umeme nusu, ngazi itapungua kimo tu. Maadamu bado unaona kuwa ni ngazi, ujumbe umefika mzima.

Alimweleza Bibi haya yote siku walipokutana kwenye mkutano wa kwaya za Kilutheri huko Kemondo, huku akichora mavumbini kwa kijiti cha mbuni. Vijana wengine siku hiyo walisifu macho ya wasichana.

"Na ukitaka kusema labda?" Kokuhirwa aliuliza.

"Hakuna labda. Umeme upo au haupo."

"Maskini. Sasa mnaishije?"

Kokuhirwa akatazama mchoro tena. "Mtu akibonyeza, halafu asiachie?"

"Hapo hajasema kitu. Hatujui kama ni kifupi au kirefu mpaka kidole kiinuke. Neno linamalizwa na kuinuka."

"Kumbe," akasema Kokuhirwa, akaenda kuimba sauti ya pili.

Miezi minne baadaye, siku ya Alhamisi, ilikuja barua kutoka kwa Bwana Mkubwa wa simu wa Bukoba. Ilisema kwamba Tabora inahitaji mpiga simu, na kwamba nyumba iliyopo huko ni ya mtu asiye na mke. Kwa hiyo Kashaija, kama hajaoa wala hajaposa na kukubaliwa, atahamia Tabora mwanzo wa mwezi kwa miaka mitatu. Kama amekubaliwa, atabaki Muleba na atatumwa mwingine. Swali lilikuwa moja: umekubaliwa? Jibu kwa simu, neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana Jumamosi.

Kashaija alikuwa amekwisha kuchagua mshenga wa kumposea Kokuhirwa, lakini hakuwa amekubaliwa. Baba yake Kokuhirwa, mzee Bartholomayo, mzee wa kanisa na mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa pale Kemondo, alikuwa bado hajapokea hata ziara ya kwanza ya mshenga. Na alikwisha kusikika akisema juu ya vijana wa serikali: "Binti yangu si mzigo wa stesheni, aachwe asubiri garimoshi." Tena palikuwa na karani mmoja wa Miembeni, mjini Bukoba, aliyekuwa na baiskeli mpya na mama anayejua kuzungumza. Miaka mitatu Tabora ilikuwa na maana moja tu, nayo Kashaija aliiona wazi kama ngazi ya jiwe.

Basi akafanya jambo ambalo mtu aliyeharibiwa na simu ndiye angelifanya. Fundi wa waya, rafiki yake Kamugisha, alikuwa na kazi Kemondo Jumamosi hiyo. Nguzo moja ilisimama katikati ya kibanja cha mzee Bartholomayo, na majani ya migomba yalikuwa yameuangukia waya. Kamugisha alikuwa na kisanduku chenye betri, kibonyezo na chombo kidogo cha kugonga, cha kujaribia waya. Kashaija akamwita baba yake mdogo, Yoeli, aliyekuwa mshenga wake, akamkalisha kitini.

"Ta Yoeli, utakwenda na Kamugisha. Kisanduku kitakuwa mbele yako. Mzee akikubali, bonyeza, hesabu mpaka tano, achia. Akikataa, bonyeza na kuachia papo hapo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Na akisema tutaangalia?"

"Asiseme tutaangalia."

Yoeli alimtazama mtoto wa kaka yake kwa huruma. Alikuwa ameshapeleka posa kumi na moja katika maisha yake, na hakuna baba hata mmoja aliyewahi kusema kitu kingine. Binti hatolewi ziara ya kwanza, ataonekana ni mzigo. Ziara ya kwanza baba husema tutaangalia. Ziara ya pili husema shangazi hajafika. Ziara ya tatu hukohoa, na hicho kikohozi ndicho ndiyo. Lakini Yoeli alimpenda kijana, tena alikuwa hajawahi kushika chombo cha serikali. Ijumaa akapanda nyuma ya baiskeli ya Kamugisha, amevaa kanzu nyeupe na koti.

Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, walikuwa barazani kwa mzee Bartholomayo. Kamugisha alikwisha kuunganisha kisanduku kwa waya mmoja uliopanda nguzoni na mwingine uliochomekwa ardhini, akakiweka juu ya kigoda mbele ya Yoeli, kisha akapanda nguzo na panga lake. Mzee Bartholomayo alikitazama kisanduku.

"Hicho ni nini, Yoeli?"

"Ni cha kazi, waitu," akajibu Yoeli kwa neno letu la heshima. "Fundi ameniomba nimshikie."

"Serikali inawatumia hata wageni wangu."

Wakasalimiana kwa utaratibu, kila mmoja akauliza habari za watu wa nyumba ya mwenzake, za migomba, za ng'ombe, za mchungaji. Hatimaye Yoeli akasafisha koo na kusema kwamba amekuja kutafuta kitu kilichopotea, na kwamba nyayo zake zimeishia mlango huu. Mzee Bartholomayo akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Yoeli, ndugu yangu! Nyumba hii ni yenu. Na binti aliyemo ni wenu pia."

Furaha ilimpanda Yoeli kichwani. Akabonyeza. Mkono ulimtetemeka, kibonyezo kikagusa, kikaruka, kikagusa tena, kikaruka, kikagusa mara ya tatu, kikaruka, mwisho kikatulia.

"Lakini," akaendelea mzee Bartholomayo, akijikunja vizuri kitini, "mambo haya hayakimbizwi. Tutaangalia."

Yoeli akabaki na kidole chini.

Bibi alituambia kwamba, hata alipokuwa mzee sana, Yoeli hakuweza kusimulia dakika ile bila kujifuta jasho. Muda wa kuachia haraka ulikuwa umeshapita. Akiachia sasa, ni ndiyo, na ndiyo haijasemwa. Alikuwa ameanza neno ambalo hana ruhusa ya kulimaliza. Njia moja tu ilibaki ya kutosema uongo mbele ya mzee wa kanisa: kutoinua kidole.

Huko Muleba, Kashaija aliona kalamu ikitikisika na kuchora meno matatu madogo kama ya msumeno. Akasoma: hapana, hapana, hapana? Kisha kalamu ikapanda na kukaa juu. Akapumua. Aliyajua meno hayo. Ni mkono wa mtu mwoga tu, shaba ikirukaruka kabla ya kutulia, na mpiga simu mzuri hayahesabu. Akahesabu mpaka tano. Kalamu ilikuwa juu. Akahesabu mpaka hamsini. Ilikuwa juu. Utepe ukaanza kumwagika mezani, mstari umenyooka, hauna kilima wala bonde.

Saa tano kasoro robo utepe ulikuwa umefika magotini. Kashaija alijaza mashine ufunguo, akageuza karatasi upande wa pili, akakaa. Akaingia mama mmoja jirani, Anatolia, aliyetaka kumjulisha mwanawe wa Biharamulo kwamba ng'ombe amezaa.

"Samahani, mama. Waya umejaa."

"Umejaa nini?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ya nani?"

"Yangu." Kashaija akafikiri kidogo, maana alikuwa mkweli. "Labda."

Mama Anatolia akavuta kiti, akaketi. "Nami niliambiwa simu haina labda," akasema. "Endelea, mwanangu. Ng'ombe ameshazaa, hatarudisha."

Ndipo Kashaija alipogutuka. Waya ni mmoja. Mtu mmoja akiushikilia, hakuna mwingine awezaye kusema: Biharamulo haiwezi, Bukoba haiwezi, wala yeye hawezi. Hata Ta Yoeli akiwa amebeba ndiyo iliyo kubwa kuliko zote za Kagera, ndiyo hiyo ndiyo inayomzuia kuipeleka Bukoba. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Huko Bukoba, Bwana Mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya mpiga simu wake, Saburi, akiuliza kwa mara ya nane kwa nini chombo kimenyamaza, na Saburi akimjibu kwa mara ya nane kwamba hakijanyamaza, bali kinasema neno refu.

Barazani Kemondo, mazungumzo yalikuwa yameshapita magonjwa ya migomba na kuingia katika nasaba. Mkono wa Yoeli ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani. Mzee Bartholomayo alikuwa na furaha isiyo kifani. Kwa kawaida mshenga wa ziara ya kwanza huaga baada ya nusu saa. Huyu alikaa kama aliyepigiliwa misumari, hataki kuondoka, hasimami hata kujinyoosha. "Watu hawa wanamtaka binti yangu kwelikweli," akawaza. Akaona si vibaya kuongeza muda.

"Kokuhirwa!" akaita. "Mletee mgeni kahawa."

Kwetu mgeni halakiwi kwa maneno matupu. Huletewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Anayeleta hupiga goti. Anayepokea hupokea kwa mikono miwili, na hilo si jambo la kufikiria, ni kama kufumba macho jua likiwaka.

Kokuhirwa akatoka. Akapiga goti mbele ya Yoeli, akanyoosha kikapu. Macho yake yalitua kwenye kisanduku, yakafuata waya mpaka juu ya nguzo, yakarudi kwenye kidole. Kisha akayainamisha, kama binti aliyelelewa vizuri.

"Pokea, waitu."

Yoeli akatazama kikapu. Akatazama kidole. "Weka hapo chini, mwanangu, nitachukua."

"Kahawa haiwekwi chini, waitu."

"Kamugisha!" Yoeli akaita juu. "Shuka unipokee!"

"Nimebeba jani, mzee!" Sauti ikatoka nguzoni. "Subiri kidogo!"

Yoeli akanyoosha mkono wa kushoto. Mzee Bartholomayo akakohoa, lakini si kile kikohozi cha ziara ya tatu.

"Yoeli. Unapokea kahawa yangu kwa kushoto?"

"Hapana, waitu! Nilikuwa napunga nzi."

Akajaribu kuinama ili akibonyeze kwa kiwiko. Kigoda kikayumba. Akajaribu goti, koti likanasa. Kokuhirwa hakusogea. Mikono yake miwili ilikuwa imenyooka, kikapu kimetulia kama kimewekwa juu ya meza. Bibi alikuwa na mikono yenye nguvu. Alituonyesha mara nyingi jinsi alivyokaa, naye akiwa na miaka sabini na mitano, na hakutetemeka.

"Mgeni wetu amechoka kupokelewa?" mzee Bartholomayo akauliza taratibu. "Au kahawa ya nyumba hii inanuka?"

Kuna mambo ambayo mtu mwenye posa kumi na moja hawezi kuyafanya. Yoeli akainua mkono wake wa kulia, uliokuwa umekauka kama tawi, akaushikanisha na wa kushoto, akapokea kikapu kwa mikono miwili.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Huko Muleba kalamu ilianguka. Mama Anatolia alisema ilitoa sauti, ingawa Babu alikataa. Kashaija hakutafakari. Mruko mmoja, mrefu, umemalizika: ni kistari. Akashika kibonyezo, akaita Bukoba, na Saburi akajibu haraka kama mtu aliyezamishwa na kuibuka. Kashaija akapiga neno moja.

Kisanduku cha Kemondo nacho kikalia, maana waya ni mmoja. Kamugisha alikuwa ameshuka, jani begani, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nini hicho kinachogonga?" akauliza mzee Bartholomayo.

"Ni Muleba, waitu. Anaiambia Bukoba kwamba amekubaliwa." Kamugisha akangoja kidogo. "Bukoba wamepokea. Wanamwambia abaki."

"Amekubaliwa na nani?"

Yoeli alitia buni moja mdomoni ili awe na sababu ya kunyamaza. Ikabidi Kamugisha aeleze yote, kisanduku, kidole, kifupi na kirefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee Bartholomayo alivyozidi kuinuka kitini.

"Mimi sikusema ndiyo!"

"Nami sikusema, waitu," akasema Yoeli. "Nilipokea kahawa."

"Irudisheni!"

"Hairudi, mzee," akasema Kamugisha. "Imeshaandikwa. Labda uende Bukoba mwenyewe, umwambie Bwana Mkubwa kwamba umekataa."

Mzee Bartholomayo akageuka kumtazama binti yake. Kokuhirwa alikuwa bado amepiga goti.

"Na wewe? Ulijua?"

"Tata," akasema Kokuhirwa, "uliniambia nilete kahawa."

Mzee akaketi. Akatazama migomba yake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa kweli.

"Yoeli, mimi ningekubali. Kijana ni mzuri, jina la ukoo wenu halina doa. Ningekubali ziara ya tatu. Nilikwisha kuwaza nitakavyokataa ziara ya pili, nilikuwa na maneno mazuri sana. Mmeniibia ziara mbili."

"Tutazilipa, waitu," akasema Yoeli.

"Zote mbili?"

"Na ndizi za kutengenezea pombe ya lubisi juu yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kemondo walicheka mwezi mzima, lakini zililipwa. Baada ya wiki mbili, siku ya ndoa ikiwa imeshatangazwa kanisani, Yoeli alikuja barazani amevaa kanzu na koti, akasema kwamba ametafuta kitu kilichopotea. Mzee Bartholomayo akamwambia kwa maneno mazuri sana kwamba shangazi hajafika. Shangazi alikuwa ndani akishona gauni la harusi, akacheka mpaka sindano ikamchoma. Baada ya wiki nyingine Yoeli akaja tena, na mzee akakohoa. Kikohozi hicho, wote waliokuwepo walikubaliana, kilikuwa cha haki.

Bwana Mkubwa alitaka taarifa ya maandishi kuhusu dakika zile mia na tatu. Kashaija, ambaye hakupenda uongo, aliandika kwamba kwenye kibanja kimoja cha Kemondo palikuwa na majani ya migomba juu ya waya, jambo ambalo lilikuwa kweli. Bwana Mkubwa akaamuru migomba mitatu iliyo karibu na nguzo ikatwe. Mzee Bartholomayo aliikumbuka migomba hiyo maisha yake yote. Saburi alipokuja harusini, alimpa Babu mkono na kumsogelea sikioni. "Jani hunyonya umeme," akasema. "Jani lenye betri ndiyo kwanza nalisikia Kemondo." Kisha akaenda kutafuta lubisi.

Hawakupiga picha siku hiyo, mpiga picha wa Bukoba alikuwa na homa. Bibi alitunza utepe. Ulikuwa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, umeviringishwa, umekuwa wa rangi ya chai. Wageni walipouliza kama wana picha ya harusi, yeye aliuleta, akaufungua mwanzo wake tu. Palikuwa na mstari chini, kisha meno matatu ya mkono wa Yoeli, kisha mstari juu, ukienda, ukienda. Mgeni akichoka aliuliza unaishia wapi.

Babu, akiwa kitini kwake, alisema, "Mbali."

"Mgeni wa watu," Bibi akasema, akiviringisha, "ngoja kwanza nikuletee kahawa." Akaenda jikoni, akarudi na kikapu, akakinyoosha, akangoja mpaka mgeni atoe mikono yote miwili.